Kiti cha Katikati

Jumapili, 15 Juni

Daftari hili ni la Mialy. Mwalimu wake aliwaagiza watoto waandike matembezi ya familia majira haya yote ya joto. Binti yangu akaandika mstari mmoja, "Tulikwenda ufukweni, kulikuwa na upepo," akaona amemaliza kazi. Ana miaka kumi na uvivu wa mstaafu. Kwa kuwa sipendi kitu kiharibike bure nyumbani kwangu, nimelichukua mimi.

Basi na iandikwe: leo tumekwenda ufukweni. Kulikuwa na upepo.

Mume wangu Haja ana ugonjwa wa Jumapili. Siku sita anatengeneza lifti za watu, anapanda na kushuka kwenye mashimo ya majengo, na siku ya saba hawezi kukaa chini. Tangu asubuhi ameshika ramani. Mimi napika wali, naifunga sufuria kwa taulo usipoe, natia pilipili kwenye chupa ya jemu, na saa tatu sote tumo garini. Gari letu ni la viti sita, vitatu mbele na vitatu nyuma, kuukuu, sura yake kama ya chura. Mialy hukaa mbele kati yetu, na Soa, mdogo wake wa miaka minne, hukaa nyuma peke yake kama waziri. Mwaka wa sita huu tunauzunguka upande huu wa Ufaransa, na sidhani limebaki kasri, bandari au mnara ambao hatujala wali chini yake.

Njia fupi ya kwenda barabara kuu inapita kando ya ukuta wa makaburi ya mji. Haja haipiti. Huzungukia nyuma ya duka kubwa, dakika kumi zaidi, taa nne za barabarani. Hatujawahi kulizungumzia.

Jumatano, 18 Juni

Imekuja barua kutoka ofisi ya mji. Nimeisoma nimesimama jikoni, kisha nikaisoma tena nimekaa. Wanasema kwa adabu kwamba miaka mitano ya kaburi namba fulani imekwisha na ardhi inahitajiwa. Familia isipojitokeza kabla ya tarehe 15 Septemba, mabaki yatahamishiwa kwenye shimo la mifupa la pamoja.

"Mabaki" ni mwanangu Tahina. Alikuwa na miezi kumi na mmoja. Homa ya uti wa mgongo, siku mbili tu, mwezi wa nne wa mwaka ule mipaka yote ilipofungwa. Hakuna ndege iliyokwenda kwetu Madagaska. Tuliruhusiwa waombolezaji watano makaburini. Tulikuwa wawili, mimi na Haja.

Kwetu, mtoto akifa kabla ya kuota meno ni mtoto wa maji. Hulazwa kwenye udongo mbichi kimyakimya, haliliwi, hatajwi, wala hawekwi katika kaburi la ukoo. Mwenye meno ni mtu. Huyo hata afie mwisho wa dunia, lazima arudishwe alale na wenzake na avikwe hariri, la sivyo atawajia usingizini na kuwaambia anasikia baridi.

Tahina alikuwa na meno mawili. Tulimwambia mama yake Haja kwamba hakuwa na hata moja.

Barua nimeichomeka humu. Haja hasomi madaftari ya watoto. Na mama yake anafika keshokutwa kukaa nasi miezi mitatu.

Ijumaa, 20 Juni

Amefika. Wasichana wanamwita Bebe, yaani bibi, nami humu nitamwita hivyo hivyo, maana "mama mkwe" ni jina linalokuja na ugomvi. Ana miaka sabini na minne, uzito wa kuku, na macho yanayokagua pembe za dari.

Nilimsaidia kufungua sanduku. Mchele mwekundu wa kwao Ambositra, dagaa, vanila, mkufu wa Soa. Chini kabisa, ndani ya gazeti, palikuwa na kitambaa cha hariri nzito iliyosokotwa kwa mkono, ya rangi ya udongo. Hariri ile haishonwi gauni wala haitandikwi mezani. Ni ya kuwavika wafu.

Nikajiuliza kama huyu mwanamke amekuja kufia mikononi mwangu.

"Mama, na hii?"

"Hiyo ina mwenyewe," akasema, akafunga sanduku.

Jumapili, 22 Juni

Mont-Saint-Michel. Kabla hatujaondoka, Bebe aliagiza kiti cha Soa kihamishwe dirishani. Yeye akakaa dirisha la upande wa pili. Katikati pakabaki patupu.

"Mama, sogea upate nafasi," Haja akamwambia. "Umebanwa na mlango."

"Nafasi ninayo."

Tulipozunguka nyuma ya duka kubwa, akauliza, "Mbona tunarudi tulikotoka?"

"Kuna matengenezo kule mbele, Mama."

"Ahaa. Matengenezo."

Ule mlima ulipotokea katikati ya mchanga, na kanisa lake kileleni, Bebe aliutazama kwa heshima. "Kaburi zuri. La ukoo gani?" Haja akaeleza kuwa ni kanisa. "Limejengwa kwa mawe, liko mahali pa juu, na mlango unatazama magharibi," Bebe akasema. "Mwanangu, wewe fundi wa lifti. Makaburi niachie mimi." Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Tangu niolewe sikujua kwamba mwanamke huyu huchekesha.

Alhamisi, 26 Juni

Sikukuu ya uhuru wetu. Bebe amewatengenezea wasichana taa za karatasi. Mialy kanong'ona kwamba taa ni tatu.

Jumatano, 2 Julai

Joto la kuua. Vioo vyote wazi, wazee wa makao ninapofanya kazi tunawafunga vitambaa vibichi shingoni. Narudi nyumbani namkuta Bebe sebuleni amejifunika koti la Haja la baridi.

"Unaumwa, Mama?"

"Siumwi. Kuna mtu anasikia baridi humu ndani, nami sijui ni nani, basi najifunika kwa niaba yake."

Pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba ndiyo ya wahenga. Kwetu hapa ndiyo iliyo na mashine ya kufulia. Bebe amepanga juu yake kijiko cha asali na kifuniko cha ramu. Nguo zikianza kuzungushwa, asali inatetemeka.

Jumapili, 6 Julai

Carnac, kwenye yale mawe yaliyosimama kwa safu, maelfu kwa maelfu, hakuna ajuaye nani aliyasimamisha. Haja aliwaza yatamfurahisha mama yake, kwa kuwa kwetu pia tunasimamisha mawe. Hakukumbuka tunayasimamishia nini. Au alikumbuka baadaye, tulipokwisha kulipia maegesho.

Jiwe kwetu husimamishwa kwa ajili ya mtu aliyefia mbali, ambaye mwili wake haukurudi. Bebe alitembea kando ya uzio karibu saa nzima, mkono mgongoni, kama mtu anayepita wodini.

"Wengi hivi," akasema. "Walikwenda vita gani?"

"Hakuna anayejua, Mama. Ni miaka elfu na elfu."

"Mama zao walijua." Kisha, bila kumtazama, "Na wewe, Haja, umesimamisha wapi?"

"Nimesimamisha nini?"

"Nauliza tu, baba. Mzee haulizwi kwa nini ameuliza."

Nilipakua wali. Bebe aliutia kwenye sahani, akaweka sahani ya sita nyasini na kijiko juu yake. Soa alitaka kuila, akakatazwa. Haja alikula ameyageukia mawe, na tulipokuwa tukirudi aliendesha kilomita mia na sitini bila kuwasha redio.

Jumatano, 9 Julai

Nimeisoma ile barua tena. Haijabadilika.

Jumapili, 13 Julai

Bandarini, kula kome. "Matengenezo bado?" Bebe aliuliza nyuma ya duka kubwa. "Bado, Mama." "Ni barabara ya dhahabu basi, hiyo."

Jumapili, 20 Julai

Asubuhi Bebe alinionyesha kidole chake cha shahada, chini kidogo ya ukucha. Palikuwa na alama mbili ndogo nyekundu, zimekaribiana.

"Kuna mtoto ananijia," akasema, huku anachambua mchele. "Usiku wa tatu huu. Hasemi neno ila moja, baridi. Nikimpa kidole ashike, ananiuma."

"Labda ulibanwa na mlango wa gari, Mama."

"Mlango wa gari una meno mangapi?"

Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili nisisikike. Sikulia. Nilikaa tu pembeni mwa sinki nikiyatazama maji. Mimi si mtu wa kuamini kila ndoto. Nimesomea uuguzi msaidizi, najua ngozi ya mzee inavyojeruhika kwa kitu kidogo. Lakini meno yale niliyajua. Alama zile nilikuwa nazo mimi, kwenye bega la kushoto, wiki nzima baada ya mazishi, na kila siku nilikuwa nazitazama kwenye kioo zikififia. Siku zilipokwisha kabisa nilivunja kioo, nikamwambia Haja kimeanguka.

Mchana tulikwenda ufukweni kama kawaida. Mawimbi, aiskrimu, Mialy kaungua mabega. Bebe aliketi kwenye mkeka, ameunyoosha mkono mmoja pembeni yake, kiganja juu, saa nzima.

Jumapili, 27 Julai

Mvua. Hatukutoka. Haja alitembea kutoka dirisha hadi dirisha kama simba wa maonyesho.

Jumapili, 3 Agosti

Safari ya kasri. Kasri sikuliona, maana hatukufika. Yaliyotokea ni haya.

Tulipita kijiji ambacho makaburi yake yako kando ya barabara, na Soa akanyoosha kidole dirishani. "Bebe, ona misalaba." Bebe akamdaka mkono, akamkunja kidole taratibu mpaka kikawa kama ndoana.

"Makaburi huonyeshwa hivi, mama yangu. Kwa kidole kilichokunjwa."

"Nikinyoosha?"

"Watadhani unawaita."

Soa alikitazama kidole chake kilivyokunjika, akakielekeza kwenye kiti kitupu kando yake. "Hivi?"

Haja alikanyaga breki hadi sufuria ya wali ikapinduka. Gari la nyuma likapiga honi. Akaegesha kwenye majani, akashuka, akainama huku mikono imeshika magoti, anahema. Mialy alinitazama mimi, si baba yake. Ana miaka kumi. Wakati ule alikuwa na mitano. Sijawahi kumuuliza anakumbuka nini.

"Amefundishwa na nani?" Haja aliniuliza tulipokuwa tunakusanya wali kwenye zulia la gari.

"Hakufundishwa na mtu. Ni mtoto, anacheza."

"Nawe ulimwambia nini Mama?"

"Mimi? Sijamwambia neno."

"Ndiyo," akasema. "Hujamwambia neno." Tukageuza gari, tukarudi nyumbani.

Jumapili, 10 Agosti

Tumekwenda. Tumerudi. Sahani sita.

Ijumaa, 15 Agosti

Mwezi mmoja umebaki. Leo nilipita makaburini peke yangu nikitoka kazini. Wamebandika karatasi ya manjano kwenye kijiti cha namba yake, imefunikwa nailoni isilowe. Nyasi ziko fupi. Kuna mtu huwa anazikata. Nilimwambia Tahina samahani, kwa Kimalagasi, kisha kwa Kifaransa, maana sikuwa na hakika anaelewa ipi siku hizi.

Jumapili, 24 Agosti

Watoto wamelala. Nitaandika yote, na kalamu ikiisha nitatumia penseli ya Mialy.

Haja alitupeleka kaskazini, mji mdogo wa pwani wenye kanisa la zamani. Nyuma ya duka kubwa Bebe hakuuliza chochote, na hilo lilinitisha kuliko kuulizwa. Ndani ya kanisa, ubavuni, kuna rafu, na juu ya rafu kuna visanduku vya mbao kama vibanda vya njiwa, kila kimoja kina tundu na jina limeandikwa chini yake. Bebe alisogea, akachungulia. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na fuvu la mtu.

Zamani, Haja akasoma kwenye kibao, makaburi yalipojaa, watu walifukuliwa. Mifupa ikaenda kwenye shimo la pamoja, na wenye uwezo wakahifadhi kichwa.

"Kwenye shimo la pamoja," Bebe akarudia. "Wamechanganywa?"

"Ndiyo, Mama. Ilikuwa zamani."

"Hawakuvikwa?"

"Hapana."

Alitoka nje bila kuaga mtu. Tulimkuta kwenye maegesho amesimama kando ya gari, mlango wazi, hataki kuingia.

"Mama, panda twende."

"Sipandi. Tangu Juni nakaa na mtoto kwenye kiti hiki. Nimewaachia muda, nikasema wazazi ni wao, watasema wenyewe. Jumapili baada ya Jumapili mnatupeleka kuangalia makaburi ya watu, na la kwenu mnalikwepa kwa taa nne. Sasa nauliza mara moja tu. Tahina alikuwa na meno?"

Jina hilo halikuwa limetamkwa mbele yetu miaka mitano.

Aliyejibu ni Mialy. "Alikuwa nayo mawili," akasema. "Aliniuma hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono. "Nilimwambia Mama, na Mama akacheka, akasema sasa tuna mbwa mlinzi. Halafu alipokufa mkasema hakuwa na meno, nikadhani nimeota."

Nilikaa chini palepale kwenye lami. Humu niliandika "tulimwambia". Nafuta. Hatukuwa sisi. Simu ililia siku ya pili baada ya mazishi, mimi ndiye niliyeshika, Haja amesimama dirishani. Bebe akauliza, "Alikuwa ameota meno?" Nami nikasema, "Bado." Neno moja. Nililisema kwa sababu nilijua likiwa kinyume chake, kule kwao watalia na kuandaa kaburi lisilopata mtu, na kila simu itakuwa ni lini, ni lini, nami sina ndege. Nililisema pia kwa sababu mtoto wa maji haliliwi. Nilidhani nikisema hivyo, labda nami sitalia. Nikamwambia Bebe yote haya nikiwa lamini, pua inanivuja, Wafaransa wanapita na mikate yao.

"Mama, nimemnyima mwanangu utu wake."

Bebe alichuchumaa. Magoti yake yalilia kama bawaba. "Sikiliza, mama Mialy. Mwezi wa pili mwaka ule ulinitumia picha. Amecheka, fizi nje, na punje mbili za mchele zinachungulia. Uliandika chini, 'Bebe, nimepata meno.' Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Wallahi, nilikuwa nimesahau kabisa.

"Picha hiyo ninayo. Nilipouliza kwenye simu, sikuuliza kwa kutojua. Nilikufungulia mlango. Ndege hamna, mtoto mmeshamzika, mngefanya nini? Nikakupa pa kupitia, nawe ukapita, na nikashukuru kwamba una akili. Ila sikujua kwamba mtaufunga nyuma yenu na kutia na kufuli."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Miaka mitano nimejificha kwa mtu aliyekuwa ameshika taa.

Nikatoa daftari kwenye mkoba, nikamkabidhi Haja barua. Aliisoma juu ya boneti. Nilingoja anipigie kelele na nilikuwa tayari. Akaikunja vizuri kwa mikunjo yake ileile, akaniambia kwa sauti ndogo, "Tangu tarehe 18 Juni?"

"Ndiyo."

Akaitia mfukoni, akaingia kushika usukani. Bebe alipanda, akakaa dirishani. Mialy akaomba akae nyuma, akakatazwa kwa upole. "Bado kina mtu," Bebe akamwambia.

Jumatano, 27 Agosti

Haja amelala sebuleni siku tatu. Leo kaja jikoni nikiosha vyombo. "Nimekuchukia kwa lile neno," akasema. "Nilikuchukia kila Jumapili, huku naendesha. Lakini nilikuwepo. Simu ilikuwa mkononi mwako, masikio yalikuwa yangu. Ningeinyakua nikasema, 'Mama, ana meno.' Ilinifaa mimi pia, Voahangy. Na uchungu wote nikakuachia wewe."

Nilimpa taulo akaushe sahani. Tuliziosha mara mbili.

Jumatatu, 1 Septemba

Ofisi ya mji. Lazima sahihi za wazazi wote wawili. Mwanamke wa dirishani aliuliza mabaki yanakwenda wapi. "Nyumbani," Haja akasema. Yule mwanamke akaandika Ambositra, akauliza herufi zake.

Alhamisi, 11 Septemba

Wasichana wako shule. Asubuhi Haja alitia ufunguo, akafika kwenye njia panda, na badala ya kukata kulia akanyoosha. Ukuta wa makaburi ukatujia, mrefu, wa kawaida, una matangazo ya sarakasi. Dakika mbili tu. Miaka mitano, na ni dakika mbili.

Mlinzi, Bwana Kervella, alikuwa amesimamisha pazia la turubai. Ni mzee wa masharubu, mwenye buti safi. Alisema ndiye anayekata nyasi pale kwa watoto, hata pale pasipo na mtu wa kuja. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia.

Sitaandika kila kitu. Vifupa vilikuwa vidogo. Bebe alipiga magoti juu ya mkeka, akavipokea kimoja kimoja, akavifuta kwa kitambaa cheupe, huku anazungumza naye kama anavyozungumza mtu anayemvalisha mtoto asubuhi. "Lete mkono. Na huu mwingine. Tulia basi." Haja alikuwa amemshikia taa ya mkononi ingawa jua lilikwisha kutoka.

Kisha akainua taya, si kubwa kuliko kipini cha kikombe, akaligeuza kwenye mwanga. Mbele, chini, mawili. Madogo, meupe, hayana kosa.

"Ameota meno," Bebe akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari. Akanigeukia. "Hongera, mama Tahina."

Ndipo nililia. Nililia kama nilivyotakiwa kulia wakati ule, kwa kelele, mpaka Bwana Kervella akavua kofia na kwenda kusimama getini asiingie mtu.

Bebe akafungua lile gazeti. Ile hariri niliyodhani ni ya kwake, alipoikunjua ilikuwa na urefu wa mkono wangu tu. Alimwagiza mfumaji mwezi wa pili mwaka huu, kabla ya kuomba viza. Hakuja Ufaransa kutembea.

Jumatano, 17 Septemba

Tumewaombea wasichana ruhusa shule. Kwenye sababu nimeandika "matembezi ya familia".

Mpaka uwanja wa ndege wa Paris ni mwendo wa saa nne. Kisanduku kilikaa katikati, kimefungwa mkanda, hariri inaonekana kidogo ukingoni. Soa alikiwekea mkono njia nzima, akimweleza kilichoko dirishani: ng'ombe, lori, ng'ombe tena. Haja aliendesha polepole kupita kawaida yake na kila mara akawa anaonyesha: pale tulikula kome, pale matairi yalipasuka, ile barabara inakwenda kwenye yale mawe. Nilielewa kwamba anamtembeza.

Tulisimama kula. Sahani sita. Hakuna aliyeuliza.

Mlangoni vibali vilikaguliwa, vikakaguliwa tena, wakampisha. Bebe alinishika kidevu. "Wewe una ulimi wa shoka na moyo wa ugali," akasema. "Wanangu wengine sijawahi kuwaambia hivyo, kwa kuwa hawana hata hilo shoka." Akaenda, amekumbatia kisanduku kifuani kwa mikono miwili. Hakuweza kupunga, na sisi tulimpungia mpaka alipopotea.

Jumapili, 28 Septemba

Bebe amepiga simu. Walifungua kaburi jana, kabla ya mvua. Walicheza ngoma, wakala wali na nguruwe, binamu mmoja akaanguka na tarumbeta yake. Tahina amelazwa kati ya babu yake na shangazi aliyependa watoto. Bebe amelala fofofo tangu afike. Alama kwenye kidole zimepona, na hakuna anayelalamikia baridi.

Leo tumekwenda mtoni. Haja alipitia ukutani bila kupunguza mwendo. Bila kuambiwa, Mialy alihamia nyuma akakaa katikati, na Soa akamwegemea akasinzia. Wali ulitosha na kubaki. Niliweka sahani nne, mikono yangu ikabaki imeshika ya tano, nikairudisha kikapuni. Ni jambo jema, najua. Ndilo tulilolitaka.

Ila sijamwona mimi. Alimwendea Bebe, alikaa na Soa, aliuma vidole vya wengine, na mimi niliyemkana hakunijia hata usiku mmoja, wala sasa hana haja ya kuja. Tangu simu ile iingie nimefunga madirisha yote. Nimelitoa blanketi zito kabla ya wakati wake, nimejifunika mpaka shingoni, na mkono wa kushoto nimeuacha nje, kiganja juu, kama Bebe ufukweni.